Barua ya Wazi kuhusu Santorini ya Majira ya Baridi

Kwa Wizara ya Utalii ya Ugiriki na Manispaa ya Thira,

Santorini, ambayo jina lake rasmi ni Thira, ni kisiwa chenye wakazi wapatao 15,000, nacho hupokea wageni zaidi ya milioni 3 kwa mwaka, wengi wao wakibanana katika miezi ya joto. Ili kupunguza msongamano huo, tangu Julai 2025 serikali humtoza abiria wa meli ya kitalii anayeshuka kisiwani euro 20 katika kilele cha msimu, na euro 4 tu kuanzia Novemba hadi Machi. Hatua hiyo ni njema, lakini unafuu wa tozo haumsaidii mgeni wa Januari anayekuta mabasi yamepunguzwa na mikahawa mingi ya kijiji cha Oia imefungwa.

Kilichopo cha kuonwa wakati huo ni kingi, tena kinaonekana vizuri zaidi. Akrotiri, mji wa Zama za Shaba uliofukiwa na majivu ya volkano takriban miaka 3,600 iliyopita, na ambao Spyridon Marinatos alianza kuufukua mwaka 1967, unahitaji mtu asimame atazame kwa utulivu. Vivyo hivyo michoro yake ya ukutani iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Fira, mji mkuu wa kisiwa, wakiwemo tumbili wa rangi ya buluu, wanyama wasioishi porini katika Ugiriki, ambao ni ushahidi wa mawasiliano ya kale na nchi za mbali. Katika mashamba ya mizabibu, huu ndio wakati wa kupogoa, ambapo mkulima huyasuka matawi karibu na ardhi yakawa duara mfano wa kikapu, liitwalo kouloura, ili zabibu zitakazozaliwa humo zikingwe na upepo na mzabibu unufaike na unyevu wa ukungu wa usiku. Kwa ufundi huo pekee safari ya Februari inastahili, na inasikitisha kwamba ni wachache wanaoambiwa habari zake.

Hata hivyo, mgeni wa baridi huishi kwa huduma zilezile anazozitegemea mwenyeji. Upepo unapochafua bahari, mamlaka za bandari huzuia vyombo kuondoka, na safari ya feri kati ya Piraeus, karibu na Athens, na bandari ya Athinios kisiwani huahirishwa. Zuio hilo huokoa maisha, wala hakuna anayeomba lilegezwe. Kinachoombwa ni taarifa za mapema na mahali penye joto pa kusubiria, kwa faida ya mtalii na ya mzee anayekwenda kutibiwa Athens. Taarifa za namna hiyo zinahitajika pia kuhusu mitetemo ya ardhi, hasa baada ya ile ya Februari 2025 iliyowafanya maelfu ya watu kuhama kwa muda.

Kwa hiyo Wizara na Manispaa zinaombwa kuelekeza sehemu ya mapato ya msimu wa joto katika mabasi, feri na saa za makumbusho za majira ya baridi, kabla ya kutumia fedha katika matangazo. Aidha, zinaombwa kutenga nyumba za kupangishwa mwaka mzima kwa walimu na madaktari wanaopangiwa kazi kisiwani, ambao hutaabika kupata makazi kwa sababu wenye nyumba hupendelea kupangisha watalii, na ambao bila wao hakuna familia itakayoweza kubaki huko kumpokea mgeni wa Januari.