Kuzuru makaburi ya mashujaa



Julai 25 kila mwaka taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Mkuki, ngao na mashada ya maua huwekwa mnarani, na viongozi wa dini husoma dua. Vijana wa madrasa hapa Mtabila, jirani na kambi ya JKT, wameiomba kamati ya msikiti safari ya Kaboya, wilayani Muleba, walikozikwa zaidi ya askari 600 wa Tanzania waliokufa katika Vita vya Kagera. Wazazi wamegawanyika. Wapo wasemao ni bidaa. Wapo pia waulizao, kwa sauti ya chini, kwa nini tuwakumbuke waliopigana na mtawala Muislamu. Maswali yote mawili yanastahili jibu.

Kuhusu la kwanza, Mtume (s.a.w.) aliwahi kukataza kuzuru makaburi, kisha akaruhusu, kwa kuwa ziara hukumbusha Akhera. Katika Vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, waliuawa Waislamu wapatao 70, akiwemo ami yake Hamza (r.a.). Walizikwa hapo hapo, wengine wawili katika kaburi moja, akitangulizwa aliyehifadhi Qur'ani zaidi. Uqba bin Amir (r.a.) amepokea kwamba baada ya miaka minane Mtume aliwaombea. Basi jambo hili lina asili. Ama kufunga safari kwa ajili ya kaburi, wanazuoni wamehitilafiana: baadhi wamezuia kwa Hadithi ya misikiti mitatu, na wengine wameona Hadithi ile inahusu misikiti tu. Atakaye kujitoa katika hitilafu na anuie safari ya elimu na ya kuwajulia hali ndugu zetu wa Kagera, makaburi yawe njiani.

Kuhusu la pili, mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia ardhi yetu ya kaskazini mwa Mto Kagera. Raia waliuawa, mifugo ikaporwa, daraja la Kyaka likavunjwa. Aya ya 9 ya Suratul Hujurat inaamuru kundi linalodhulumu lipigwe mpaka lirejee kwenye amri ya Mwenyezi Mungu, hata kama pande zote mbili ni waumini. Dhulma haitakasiki kwa jina la mwenye kuitenda. Nasi wa Kasulu na Kibondo, tulioishi miaka mingi na wakimbizi wa Burundi katika kambi ya hapa Mtabila, tunajua vita humwachia nini raia asiye na silaha.

Iliyobaki ni adabu. Tuwatolee salamu watu wa makaburini na kuwaombea Waislamu maghufira. Tusikanyage kaburi, tusilizunguke, wala tusimwombe maiti haja. Wenzetu wa dini nyingine waliolala hapo tuwape heshima yao: Mtume alisimama lilipopita jeneza la Myahudi, na alipoulizwa, akauliza kama ile nayo si nafsi.

Hata hivyo, wazazi wenzangu, safari ya kwanza si ya Kaboya. Aliyekuwa na miaka 20 vita vilipokwisha mwaka 1979 leo ni mzee, na wengi wameshatangulia. Kabla ya kukodi basi, kila mwanafunzi na aende kwa mzee wa mtaani kwake aliyekuwa vitani, amsikilize, aandike majina ya wenzake wasiorudi. Aangalie pia kama paa la mjane wa askari linavuja. Majina hayo ndiyo tutakayokwenda nayo Kaboya, na paa hilo ndilo kamati ianze nalo. Itakuwa aibu kumlilia shujaa aliye mbali huku mwenzake analala na njaa nyuma ya msikiti.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na atujaalie amani isiyohitaji makaburi mapya. Amin.