Bundi wa Kwihara Hajaua Mtu

Bundi akilia usiku juu ya mwembe, Kwihara, karibu na Tabora, kama kwingineko nchini Tanzania, watu huanza kuwahesabu wagonjwa wao. Zamu ya nani? Kabla jibu halijapatikana, vijana wameshashika manati. Imani hii ni ya uongo, na tuseme hivyo bila kumung'unya maneno.

Mtuhumiwa mkuu ni yule bundi wa kijivu mwenye kope za rangi ya waridi, mkubwa kuliko bundi wote wa Afrika. Sauti yake ni nzito, ya kukoroma, na usiku uliotulia husikika kilomita kadhaa. Anamwita mwenzake na kuwaonya bundi wengine wasiingie katika himaya yake. Sasa piga hesabu: mlio mmoja unafika vitongoji vingapi? Katika kaya zote hizo, mgonjwa hakosekani. Akifariki, tunasema bundi alitabiri. Usiku chungu nzima aliolia na kukakucha salama, hakuna anayeukumbuka. Tena nyumba yenye mgonjwa haina usingizi. Wanaokesha ndio wanaomsikia.

Wapo watakaosema wazee waliyaona haya. Lakini historia ya Kwihara inasema vingine. Agosti 1871 mtemi Mirambo alipoishambulia Tabora, mfanyabiashara Mwarabu Khamis bin Abdallah aliuawa katika vita vya kugombea biashara na njia ya misafara. Wapagazi walimalizwa na ndui, homa na kuhara. Mvumbuzi Livingstone, aliyekaa katika tembe la Kwihara mwaka 1872, alifariki mwaka uliofuata kwa maradhi yaliyomtafuna muda mrefu. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakaupitisha mwili wake hapa hapa. Kila kifo kilikuwa na chanzo chake.

Nenda chini ya mti anakolala bundi. Utakuta madonge makavu ya manyoya aliyoyatapika. Lipasue moja, utaona taya za panya, meno yakiwa bado ya njano. Pengine utakuta ngozi ya kalunguyeye na miiba yake yote, imechunwa kwa ustadi. Anayetupunguzia panya wanaokula mahindi yetu ndiye tunayempiga mawe. Ni kweli hunyakua kuku anayelala nje. Dawa yake ni banda. Jike hutaga mayai mawili, na kwa kawaida kifaranga mmoja tu hukua. Ukimuua mmoja, pengo halizibiki upesi.

Wala imani hii haiishii kwa ndege. Anayeamini bundi ametumwa atamtafuta aliyemtuma, na kidole huishia kwa bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni. Mikoa ya magharibi na Kanda ya Ziwa imezika vikongwe wengi waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Ndiyo maana nakataa kuiita mila isiyo na madhara.

Bundi akilia leo na ndani kuna mwenye homa, mkimbizeni Hospitali ya Kitete akapimwe malaria. Kumpiga ndege mawe hakujawahi kumshusha mtu homa.