Hagi hakuona haya kuinama

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi. Nimeiandika ubaoni, nikawataka wanafunzi waitungie kisa, nikazisahihisha insha zao kwa kalamu nyekundu. Hata hivyo, sina budi kukiri mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi wausomao ukurasa huu kwamba maana yake hasa sikuipata vitabuni. Niliipata usiku mmoja wa mwezi wa Julai mwaka wa 1994, na aliyenifunza ni mwanakandanda wa Romania, Gheorghe Hagi.

Vijana wa leo huenda wasimfahamu, kwa hivyo nitamweleza kwa ufupi. Hagi alizaliwa Februari 5, 1965, katika kijiji cha Săcele, karibu na mji wa bandari wa Constanța, pwani ya Bahari Nyeusi. Alikuwa kiungo mfupi wa kimo, mwenye mguu wa kushoto uliotii kila alichouagiza. Mwaka wa 1983, akiwa na umri wa miaka 18 tu, kocha Mircea Lucescu alimwingiza katika timu ya taifa. Hadi alipostaafu alikuwa ameichezea nchi yake zaidi ya mara 120 na kuifungia mabao 35. Wapenzi wa soka walimbandika jina la Maradona wa Karpati, yaani milima ya kwao.

Sitaki kumchora kama malaika. Mnamo Februari 1987, Steaua ya Bucharest, klabu ya jeshi iliyokuwa bingwa wa Ulaya, ilimchukua kutoka Sportul Studențesc kwa ajili ya mechi moja tu, ile ya kuwania Super Cup ya Ulaya dhidi ya Dynamo Kiev. Hagi alifunga bao la pekee siku hiyo, na Sportul hawakurudishiwa mchezaji wao. Katika utawala wa Nicolae Ceaușescu mambo yalikwenda hivyo: mwenye nguvu mpishe. Utawala uo huo uliowapendelea wachezaji wa klabu kubwa ndio uliowafungia mlango, kwani hawakuwa na uhuru wa kwenda kusakata kabumbu ng'ambo kama wapendavyo. Serikali hiyo ilipoangushwa Desemba 1989, mlango ulifunguka, na mwaka uliofuata Hagi akajiunga na Real Madrid.

Mimi nilimwona kwa mara ya kwanza katika Kombe la Dunia la mwaka huo wa 1990 nchini Italia. Nilikuwa mwalimu chipukizi, na nakiri kwamba sikuwa na haja naye. Mjini Bari, Juni 14, Roger Milla aliifungia Kameruni mabao mawili na Romania ikalala 2-1. Nilirukaruka kama Mwafrika mwingine yeyote. Hagi kwangu alikuwa mtu aliyeshindwa na Milla, basi.

Huko Madrid nako hakupata makao. Alikaa misimu miwili, akaonyesha vitu vizuri hapa na pale, lakini hakuwa nguzo ya timu. Mwaka wa 1992 aliuzwa kwa Brescia, klabu ndogo ya kaskazini mwa Italia, ambako kocha alikuwa Lucescu yule yule aliyemwamini akiwa kijana. Msimu haukuisha vyema. Mwaka wa 1993 Brescia iliteremshwa hadi daraja la pili la Italia.

Hebu msomaji alitafakari jambo hilo. Mtu aliyevaa jezi nyeupe ya Real Madrid, aliyecheza fainali ya Kombe la Ulaya mwaka wa 1989, nahodha wa taifa lake, sasa anatakiwa acheze katika viwanja vya daraja la pili, dhidi ya timu ambazo wengi wetu hatujawahi kuzisikia. Hagi alibaki. Msimu wa 1993-94 alicheza huko na kuisaidia Brescia kurejea daraja la kwanza. Wako watakaosema kwamba alibaki kwa sababu hakuna klabu kubwa iliyombishia hodi. Huenda ikawa kweli. Lakini swali langu kama mwalimu si kwa nini mtu yuko mahali fulani. Swali langu ni anafanya nini na siku zake akiwa hapo.

Sasa nirudi kwetu, kwa kisa ambacho sijapata kukisimulia hadharani.

Mapema mwaka wa 1994 alinijia kijana mmoja niliyemfundisha darasa la nane. Matokeo ya mtihani wa KCPE yalikuwa yametoka. Sote tulikuwa tumemtarajia aende shule ya kitaifa, lakini alama zake zilipungua kidogo na akaitwa katika shule ya sekondari ya kutwa iliyokuwa karibu na kwao. Shule yenyewe haikuwa na maabara ya maana, na madirisha yake hayakuwa na vioo. Alikuja na babake. Mzee aliniuliza, "Mwalimu, wewe ndiwe unayemjua mtoto huyu. Aende ama arudie darasa?"

Nilijibu bila kusita. Nilisema kwamba mtoto mwenye kichwa kama kile akienda katika shule kama ile atazikwa akiwa hai. Nilisema arudie. Mzee alinishukuru, na kijana akarudi kuketi katika dawati lile lile, miongoni mwa watoto waliokuwa wadogo wake.

Miezi michache baadaye Kombe la Dunia lilianza Marekani. Juni 18, mjini Pasadena, Romania ilicheza na Kolombia, timu ambayo Pelé mwenyewe alikuwa ameitabiria makuu. Hagi aliupata mpira upande wa kushoto, mbali sana na lango, akamwona kipa Óscar Córdoba amesogea mbele, akauinua juu yake hadi wavuni. Romania ilishinda 3-1. Katika mechi iliyofuata walicharazwa na Uswisi 4-1, wakajikusanya tena, wakaishinda Marekani 1-0. Hapo ndipo walipokutana na Argentina.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili, Julai 3. Huko Pasadena ilikuwa mchana, na kwetu ulikuwa usiku wa manane. Tulikuwa watu kama kumi nyumbani kwa jirani, mbele ya televisheni ndogo iliyotumia betri ya gari. Maradona mwenyewe alikuwa ameondolewa mashindanoni kwa kosa la kutumia dawa zilizokatazwa. Maradona wa Karpati alikuwapo. Ilie Dumitrescu alifunga kwa mkwaju wa adhabu, Gabriel Batistuta akasawazisha kwa penalti, kisha Hagi akapenyeza pasi ya chini kati ya walinzi na Dumitrescu akafunga la pili. Katika kipindi cha pili, shambulizi la ghafla lilimkuta Hagi akikimbia peke yake upande wa kulia, naye akafunga la tatu. Argentina walirudisha moja. Mechi iliisha 3-2.

Mtangazaji alipotaja kwamba mchezaji huyo ametoka kumaliza msimu katika daraja la pili la Italia, watu walicheka kwa mshangao. Mimi sikucheka. Nilimkumbuka kijana wangu, ambaye baada ya saa chache angekuwa ameketi mbele yangu akirudia masomo aliyokwisha kuyajua, kwa sababu mimi mwalimu wake nilimwambia kuwa daraja la pili ni kaburi.

Romania waliondolewa na Uswidi katika robo fainali kwa mikwaju ya penalti, baada ya sare ya 2-2. Hawakuleta kombe nyumbani. Lakini baada ya mashindano hayo Barcelona ilimnunua Hagi kutoka Brescia.

Asubuhi ile ya Jumatatu nilimwita kijana nje ya darasa nikamwambia kwamba nilikosea. Alinitazama, akatabasamu kwa adabu, akasema, "Si neno, Mwalimu." Nafasi yake katika shule ya kutwa ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na mwingine. Alifanya mtihani mara ya pili mwishoni mwa mwaka, akapata alama pungufu kuliko za kwanza, kwa maana moyo wake ulikuwa umechoka. Aliitwa katika shule ile ile ya kutwa. Safari hii mdogo wake naye alikuwa anaingia kidato cha kwanza, na mzee hakuweza kuwalipia karo wote wawili. Kijana aliinua mikono, akaenda kujifunza ufundi wa magari. Ni fundi hodari na anakula jasho lake. Hadi leo tukikutana huniita "Mwalimu" kwa heshima zote, na neno hilo huniuma.

Najua hoja ya wenzangu. Watasema Hagi alikuwa na kipawa cha ajabu, na kwamba si haki kumwambia kila mtoto aliyeachwa nyuma kuwa atafunga bao dhidi ya Argentina. Nakubaliana nao. Sidai kwamba kila shule yenye madirisha wazi itatoa daktari, wala sisemi serikali iache kuzitengeneza shule hizo. Ni wajibu wake. Ninalosema ni dogo zaidi. Mwalimu hana haki ya kutangaza mwisho wa mtu kwa kutazama mahali alipo leo. Kipawa cha Hagi hakikupungua Brescia, bali macho ya watu ndiyo yaliyoondoka kwake.

Maisha yake yaliyofuata yanashuhudia. Huko Barcelona nako aliumia mara kwa mara na hakung'ara. Mwaka wa 1996, akiwa na miaka 31, alikwenda Galatasaray ya Istanbul, na wengi walidhani anakwenda kupumzika. Alishinda ubingwa wa Uturuki mara nne mfululizo. Mei 17, 2000, Galatasaray iliishinda Arsenal mjini Copenhagen kwa penalti na kuwa klabu ya kwanza ya Uturuki kutwaa Kombe la UEFA. Miezi michache baadaye iliishinda Real Madrid, ile ile iliyomwachilia, 2-1 katika Super Cup ya Ulaya.

Wanafunzi nao wasikie upande wa pili. Katika fainali hiyo ya Copenhagen Hagi alitolewa kwa kadi nyekundu katika muda wa ziada, na wenzake wakamalizia kazi bila yeye. Mwezi uliofuata, katika robo fainali ya Kombe la Ulaya dhidi ya Italia, alitolewa tena, Romania ikashindwa 2-0, na huo ukawa mwisho wake katika mashindano makubwa. Hasira hasara. Aliyeweza kuinama mbele ya bahati mbaya hakuweza kila mara kuinama mbele ya mwamuzi.

Alipostaafu mwaka wa 2001 alikuwa na uwezo wa kuishi popote. Mwaka wa 2009 alirudi kwao, katika mkoa wa Constanța, akaanzisha chuo cha kuwafunza watoto kandanda, pamoja na klabu aliyoiita Viitorul, maana yake wakati ujao. Klabu hiyo ilipanda kutoka madaraja ya chini, na mwaka wa 2017, yeye mwenyewe akiwa kocha na kikosi chake kikiwa kimejaa vijana, ikawa bingwa wa Romania. Mtu aliyepokelewa na mwalimu wake wa zamani wakati wa dhiki akawa mwalimu.

Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, na mfumo wa elimu umebadilika. Lakini mitihani ikibadilika majina, ndimi zetu walimu zisipobadilika, tutakuwa tumebadili jezi tu. Kila mwaka watoto wataitwa katika shule wasizozitaka, na baadhi yao watatujia kutuuliza waende ama wasiende.

Mimi siku hizi nina jibu moja. Huwaambia waende, wainame, wafanye kazi. Nami huwaahidi kwamba nitakwenda kuwatazama huko huko.