Kuvuka ziwa wakati wa dhoruba: nani analipa?



Katika jografia tulifundishwa habari za vimbunga vya Atlantiki, na mabishano yakatufuata hadi nje ya darasa. Majira yake huanza tarehe 1 Juni na kuisha tarehe 30 Novemba. Ajabu ni hii: katika miezi ile ile, meli za matembezi kwenye visiwa vya Karibi zinapunguza bei, na watu wanapanda. Mwenzetu mmoja akasema: "Bazungu iko na wazimu!" Sisi hatukubali. Yule mtu amefanya hesabu yake. Kimbunga kinaonekana kwa satelaiti siku kadhaa mbele, kinapewa hata jina, na kapiteni anageuza meli kwenda kisiwa kingine. Abiria anapoteza nini? Pengine ameona Meksiko mahali pa Jamaika. Basi.

Anayelipa ni mwingine. Mwezi wa Oktoba 1998, meli ya matembezi Fantome ilikutana na kimbunga Mitch karibu na Honduras. Abiria walikuwa wameshashushwa Belize. Wafanyakazi 31 walibaki ndani ili kuikimbiza meli, na hakuna hata mmoja aliyerudi.

Sasa tuje kwetu. Vimbunga vile havitufikii. Ikweta inapita kati ya Butembo na Lubero, na kimbunga kinataka bahari yenye joto pamoja na nguvu ya mzunguko wa dunia inayopinda upepo, ambayo kwenye ikweta ni kama haipo. Njo maana wengine wanajivuna: "Kwetu haiko." Lakini dhoruba za maziwa yetu hazina jina, na hazitoi taarifa ya siku tatu. Asubuhi Ziwa Edward limetulia kama mafuta katika sahani. Kisha wingu linashuka toka milima ya Lubero, upepo unafuata, na pirogi bado haijafika Kyavinyonge.

Na anayepanda ile pirogi ya motere si mtalii, hapunguziwi bei. Vita vikifunga barabara, ziwa linakuwa barabara. Mwanzoni mwa 2024 mapigano yalikata njia ya Minova na Goma, watu na vyakula vikahamia Ziwa Kivu. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo Merdi, kilichotoka Minova, kilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku. Gavana wa Kivu Kusini alisema kilibeba watu 278, na waliokufa walikuwa 78 au zaidi. Kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Kama chombo kilichojaa vile kinapinduka watu wa ng'ambo wakikitazama, katikati ya ziwa na dhoruba kitafanya je?

Wengine wanatujibu: "Tuombe, tuende, Mungu iko." Ndiyo, Mungu yuko. Lakini wasome Matendo ya Mitume sura ya 27. Paulo aliwaonya kwamba wakati wa kusafiri salama umepita, mkuu wa askari akamsikiliza zaidi kapiteni na mwenye meli, na meli ikavunjika. Watu wote 276 waliokoka, ni kweli. Hatujaona mahali Paulo anawashauri warudie.

Neno letu tunalileta kwa heshima kwa Bwana Prefe na kwa direkta wa disipline. Sheria inasema anayechelewa kurudi toka vakansi, hata siku moja, harudi darasani mpaka alete mzazi, na pointi za mwenendo zinakatwa. Kwa anayekaa Butembo mjini sheria hiyo ni nzuri, sisi wenyewe tunaisimamia. Kwa anayevuka ziwa, sheria inamsukuma ndani ya pirogi. Mdogo wetu mmoja alituambia kwamba mwezi wa Aprili, Jumapili, wavuvi walikataa kutoka sababu ya mawimbi, yeye akatafuta pirogi nyingine iliyokubali. Aliogopa adhabu kuliko maji. Mtoto wa miaka 13!

Tutaambiwa wavivu watajificha nyuma ya ziwa. Tunawajua, tunalala nao bweni moja. Basi mzazi apige simu siku ile ile, na mwanafunzi alete karatasi ya mkuu wa kivuko. Siku mbili, zisizidi, na kwa wale wanaovuka tu. Na ninyi wazazi mtakaosoma karatasi hii nyumbani: mbele ya kununua begi jipya, nunueni gile ya kuelea, na mtoto aivae, asiikalie kama mto.

Mvua imeshaanza na vakansi ya Pasaka iko karibu. Barua yetu iko kwa Bwana Prefe tangu Jumatatu. Jibu likitoka, tutalisoma kwenye mstari wa asubuhi.

Kapita, kwa niaba ya makapita wa darasa la mwisho