Kuhamisha muziki si kukopi na kupesti

Najua nimepotea, UE zilinibana vibaya, ila sasa tumemaliza na nina jambo rohoni.

Hapa hosteli watu wanaamini kuhamisha muziki toka kompyuta moja kwenda nyingine ni kazi ya kuchomeka diski, kukopi folda, kupesti, halafu unaenda kunywa chai. Mimi nabisha. Ukikopi folda umehamisha sauti tu. Nani kaimba, nani kapiga gitaa, bendi ilikuwa inaitwaje wakati ule, nani nyumbani anaupenda wimbo gani, hayo mara nyingi yanabaki kwenye kompyuta ya zamani. Siku ikienda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ndo basi tena.

Kwa wasioifahamu, seva ya muziki ya nyumbani si mdude wa ajabu. Ni kompyuta yoyote, hata ile ya mezani iliyochoka, inayotunza nyimbo zote na kuzipeleka kwenye simu, laptopu na spika za humo ndani kupitia ruta. Bando haliguswi. Nyumbani tunatumia programu inayoitwa Lyrion. Ilianza kama SlimServer ya kampuni ya Slim Devices, Logitech wakainunua kampuni hiyo mwaka 2006, na mwaka 2012 wakaachana na vile vifaa vya Squeezebox vilivyotumia programu hiyo. Programu haikufa kwa sababu ni huria, wapenzi wake wameendelea kuitunza, na 2024 ikapata jina hili la sasa. Ni bure kabisa.

Likizo hii nimeihamisha toka kompyuta ya mezani yenye Windows kwenda laptopu ya mtumba yenye Linux. Nyimbo ni gigabaiti 38. Kuzikopi kweli haikuchukua muda, hapo nawakubalia. Kazi ilikuwa kwingine.

Chukua zile orodha za nyimbo, zile za "harusi", "Jumapili", "mama akipika". Faili la orodha ni maandishi matupu yanayosema wimbo uko wapi, mfano D:\Muziki\Sikinde. Sasa kwenye Linux hakuna D: wala mikwaju inayolala upande ule! Orodha inafika salama lakini haipigi kitu. Dawa yake ni kulifungua kwa programu ya kuandikia na kubadilisha njia zote kwa mkupuo. Na muwe macho na herufi: Windows kwa kawaida inaona "Msondo" na "msondo" ni kitu kimoja, Linux inaona ni folda mbili tofauti.

Halafu kuna hesabu za nyimbo zilizopigwa mara nyingi, pamoja na nyota mlizozipa. Lyrion inaziweka kwenye faili lake la pembeni, persist.db, nje kabisa ya folda ya muziki. Ukikopi folda ya muziki peke yake umeliacha. Na hata ukilibeba, linautambua wimbo kwa njia ya folda ulimokuwa, kwa hiyo njia ikibadilika hesabu haimwoni mwenyewe. Mwisho ni anwani. Simu za nyumbani zimezoea kuitafuta seva kwa namba ya kompyuta ya zamani. Zima ya zamani kwanza, kisha iambie ruta iipe mpya namba ileile, na hakuna atakayekupigia kelele.

Ila hayo yote ni ufundi, mtu anajifunza jioni moja. Hoja yangu kubwa ni maelezo yanayoandikwa ndani ya faili lenyewe la wimbo: jina, mwimbaji, mwaka, maoni. Hayo yanasafiri na wimbo popote uendako, iwe Windows, Linux au flashi ya jirani. Kilichoandikwa kwenye kumbukumbu ya programu tu kinaishi na programu.

Mfano mzuri ni Msondo. Bendi ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikaja kuwa JUWATA, ikawa OTTU, maana jina lilikuwa linafuata jina la chama cha wafanyakazi kilichoimiliki, na leo ni Msondo Ngoma. Seva haijui historia hiyo. Inakuonyesha bendi nne zisizofahamiana! Mimi nimeacha jina la wakati ule kwenye nafasi ya mwimbaji, na kwenye nafasi ya msanii mkuu wa albamu nikaandika Msondo Ngoma kwa zote. Sasa zinakaa nyumba moja na hakuna ukweli uliofutwa.

Nilijuaje wimbo upi ni wa kipindi kipi? Mzee wangu. Kanda zetu nyingi alizirekodi mwenyewe toka redioni, na zilipoingizwa kwenye kompyuta zikawa "Track 01", "Track 02" mpaka uchoke. Mzee anasikiliza gitaa sekunde kumi, anakutajia mpigaji na bendi. Siku hizi lakini ananiambia niongeze sauti, halafu niongeze tena. Kuna nyimbo amezisikiliza mara mbili, akatikisa kichwa, tukaruka. Sijui nani mwingine wa kumuuliza.

Najua mtasema, "Strimu tu bwana, unajitesa nini?" Haya. Google Play Music ilifungwa mwaka 2020, watu wakaambiwa wahamie YouTube Music, yaani hata huko kuna kuhama, ila tarehe unapangiwa. Na kanda za mzee haziko huko. Na hata zile nyimbo zilizoko, huwezi kuingia ukasahihisha jina la mpiga gitaa.

Sisi tunaosoma ualimu tunalijua hili kuliko wengine. Wote tumeshakula desa lisilo na jina la kozi wala mwaka, unalisoma usiku kucha, asubuhi unakuta si lenyewe. Wimbo usio na maelezo ni hivyohivyo, upo lakini huna pa kuanzia.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: bumu likitoka usikimbilie diski kubwa au kompyuta mpya kwanza. Nenda nyumbani na mashine ileile mbovu, kaa na baba, shangazi, bibi, yeyote anayejua, muandike majina ndani ya mafaili. Mkimaliza ndo mhame. Mashine mpya zitakuwepo madukani hata mwakani.

Naomba kutoa hoja. Anayepinga aje na chai.