Mzee akikonda, nani aulizwe?

Mwaka 2016 kituo cha Oakden, jijini Adelaide nchini Australia, kilipita ukaguzi na kuruhusiwa kuendelea kutunza wazee wenye maradhi ya akili na ya kusahau. Mwaka uliofuata, ripoti ya mkuu wa tiba ya akili wa jimbo la South Australia ilianika yaliyokuwa yakitendeka humo: wazee kufungwa mikanda kupita kiasi, makosa ya dawa, michubuko isiyo na maelezo, na familia zilizolalamika zisisikilizwe. Mzee mmoja alikuwa amepewa dawa mara kumi ya kipimo alichoandikiwa. Serikali ya jimbo ilikifunga kituo hicho, kisha mwaka 2018 serikali ya shirikisho ikaunda tume kuhusu matunzo ya wazee nchi nzima. Tume hiyo ilimaliza kazi mwaka 2021 na kutoa mapendekezo 148. Kwangu mimi funzo kubwa liko pale mwanzo: kibali na ukatili vilikaa chini ya paa moja, na kibali hakikuona kitu.

Ukaguzi wa aina ile huuliza kama kituo kina utaratibu. Hauulizi mgongo wa mzee aliyelala kitanda cha pembeni ukoje leo. Ndiyo maana naona hatua yenye maana zaidi Australia ilikuwa ile ya Julai 2019, vituo vilipolazimishwa kuhesabu na kutoa taarifa ya mambo matatu: vidonda vya kulalia, wazee waliofungwa, na wazee waliopungua uzito bila kukusudiwa. Mwaka 2021 yakaongezwa kuanguka na matumizi ya dawa. Mambo haya yanaonekana madogo, lakini kila moja lina habari nzito. Kidonda cha kulalia mara nyingi maana yake kuna saa nyingi zilizopita bila mtu kumgeuza mgonjwa. Uzito ukishuka, huenda meno yanauma, huenda koo halimezi vizuri, huenda ni huzuni. Au sahani huwekwa mbele ya mzee ambaye mikono yake haifiki mdomoni, kisha huondolewa ikiwa imejaa na kuandikwa kwamba amekataa kula. Na dawa za kutuliza zikizidi, mara nyingi ni kwa sababu wahudumu ni wachache na usiku ni mrefu. Namba hizo, zikisomwa na mtu mwenye ujuzi wa tiba na mamlaka ya kubadili mambo, huonyesha uzembe mapema, kabla haujawa msiba.

Kwetu Tanzania swali hili lina sura yake. Januari 2022 masuala ya ustawi wa jamii, yakiwamo makao ya wazee ya serikali, yalitenganishwa na Wizara ya Afya na kuwekwa chini ya wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii na makundi maalum. Mgawanyo huo una sababu zake, na maofisa ustawi wa jamii wana taaluma yao. Lakini dawa ya presha ikigongana na dawa ya usingizi, ni nani mwenye mamlaka ya kuisimamisha mojawapo? Mzee akianguka mara tatu kwa mwezi, nani anatakiwa kujieleza? Napendekeza kila makao, ya serikali au ya taasisi za dini, yawe na mtaalamu mmoja wa afya anayejulikana kwa jina kuwa ndiye mwenye dhamana ya tiba, na kila mwezi apeleke hesabu za mambo kama hayo ya Australia kwa mganga mkuu wa wilaya.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya nchi ambazo watoto wamewaacha wazazi, na kwamba wazee wetu wako nyumbani kwa jamaa zao. Kwa wengi wao ndivyo ilivyo. Walioko kwenye makao, hata hivyo, wengi ni wale wasio na jamaa wa kuwatunza. Oakden ilifichuliwa kwa sababu familia ziliona michubuko na hazikukubali kunyamaza. Mzee asiye na mwana wa kumtembelea, mateso yake yatafichuliwa na nani? Kwake yeye daftari la uzito ndilo ndugu pekee atakayeuliza.

Pingamizi la kwamba wahudumu watapika takwimu lina nguvu zaidi. Watazipika, ikiwa kila kidonda kinachoandikwa kitazaa barua ya karipio. Kwa hiyo anayeripoti asaidiwe kwanza, na makao yenye wazee wengi wasioinuka kitandani yakileta sifuri mwaka mzima, hayo ndiyo ya kutembelewa kwanza, kwa kushtukiza.

Kuhusu fedha, mizani na daftari si gharama ya kuogopesha. Muuguzi ni gharama, na hapo sitaki kudanganya mtu. Tangu Julai 2023 vituo vya Australia, isipokuwa vichache vyenye msamaha, vinatakiwa kuwa na muuguzi aliyesajiliwa saa 24, kwa kuwa kuhesabu vidonda bila mtu wa kuviosha ni kuandika tu kumbukumbu ya mateso. Nafasi za wauguzi wa makao ya wazee ziingizwe basi kwenye bajeti kwa kifungu chake, ili wabunge wakipitisha makadirio waone ni ngapi zimeombwa na ngapi zimekatwa.