Kabla ya daftari, uangalie mwili wa mtoto

Kesho ni Jumatatu. Jioni, katika nyumba nyingi za waumini, vita ya daftari itaanza upya. Mtoto ameambiwa akae afanye hesabu kumi za mwalimu. Dakika tatu hazijapita yuko chini ya meza, anavuta lebo ya shati, ameziba masikio kwa sababu jirani amefungulia muziki. Mama amechoka, na fimbo haiko mbali.

Tunasema ni mkaidi. Wengine, na hili linaniumiza zaidi, husema ana pepo. Basi anapelekwa mbele kuombewa, spika zikinguruma kando ya masikio yale yale yasiyovumilia kelele.

Wapo watoto ambao ubongo wao hupokea mambo kwa namna tofauti: wenye usonji, na wale wanaopata shida kutulia na kuzingatia jambo moja. Kwa baadhi yao mlio wa sufuria unaumiza. Wengine, kinyume chake, hawatulii mpaka waruke, wasukume au watafune kitu. Kumkemea mtoto huyo akae kimya ni sawa na kumkemea asiyeona vizuri ili asome ubaoni.

Soma Wafalme wa Kwanza sura ya 19. Eliya amekata tamaa, amelala chini ya mti, anaomba afe. Mungu hakuanza kwa kumkaripia wala kumpa kazi. Alimtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Safari ya Horebu ilikuja baadaye, na huko nabii hakumkuta Bwana katika upepo, tetemeko wala moto, bali katika sauti ya utulivu. Tumezoea kuhubiri ujasiri wa Eliya. Ule mkate tunaupita haraka.

Basi mtoto akirudi shuleni, mpe uji kwanza, kisha kazi ya nguvu: abebe ndoo ndogo ya maji, asukume ukuta kwa viganja, aruke kamba. Wengi hutulia misuli ikishafanya kazi. Zima redio na televisheni. Mvue sare inayomkera. Akae akitazama ukuta, si mlango. Na akitaka kuandika amesimama, aandike, hesabu haidai kiti. Donge la unga wa ngano la kuminya kwa mkono mmoja huwasaidia baadhi. Funika ukurasa kwa karatasi, ibaki hesabu moja tu. Dakika kumi za kazi, kisha apumzike. Yupo ambaye kuruka kutamvuruga zaidi, kwa hiyo mchunguze wako.

Zungumza pia na mwalimu: hesabu tano alizozielewa zina faida kuliko kumi alizozilipia kwa machozi. Shida ikizidi, wapo wataalamu wa tiba kazi, nao hufundishwa hapa hapa nchini, KCMC Moshi, hospitali iliyoanzishwa na makanisa na kufunguliwa mwaka 1971. Ni ajabu kwamba muumini anaweza kumzungusha mtoto kwenye mikesha mitano bila kumpeleka hata mara moja huko.

Nanyi wazee wa kanisa, lipo jambo lisilohitaji kikao wala mchango: Jumapili ijayo, ile spika iliyo karibu na benchi la watoto ipunguzwe sauti.